Mbwa wa watu wawili: chanjo ya kichaa cha mbwa imepitwa na muda, kila mmoja alidhani mwenzake kampeleka

#1 Mpangaji wa Kimara (Jumatatu, saa 3:12 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo, hasa kwa wenye uzoefu.

Mimi na jamaa yangu tumepanga nyumba moja Kimara, kila mtu na chumba chake, uani tunashirikiana. Miaka mitatu iliyopita tulichanga nusu kwa nusu tukanunua mtoto wa mbwa, tukamwita Bobi. Hatukupangiana kitu. Nani ampe chakula, nani amwogeshe, nani ampeleke kwa daktari wa mifugo, tulisema "tutaangaliana." Jamaa anafanya kazi za zamu, mimi kutwa niko dukani Kariakoo. Aliyepo ndiye anamwangalia.

Jumamosi mchana mtoto wa jirani, miaka sita, aliingia uani kufuata mpira. Bobi alikuwa anakula. Akamng'ata kwenye shavu la mguu, meno mawili yameingia, damu imetoka. Mama yake alinipigia nikiwa dukani na swali lake la kwanza lilikuwa: "Mbwa wenu amechanjwa?" Nikamjibu ndiyo, kwa moyo mweupe kabisa. Nilipofika nyumbani nikatoa kadi kwenye droo. Muhuri wa mwisho ni wa mwaka juzi, mwezi wa tatu. Mwaka jana hakuna kitu, mwaka huu hakuna kitu.

Nikampigia jamaa. Akasema, "Si ulimpeleka wewe siku ile walipopita na kipaza sauti kutangaza chanjo?" Mimi nilijua kampeleka yeye, maana asubuhi ile niliwaona wanatoka wote getini, Bobi kafungwa mnyororo. Kumbe walikwenda kununua mkaa.

Mtoto alipata sindano ya kwanza siku ileile. Zahanati ya kwanza haikuwa na chanjo, ikabidi tuchukue bajaji hadi hospitali nyingine. Gharama zote nimetoa mimi. Jamaa anasema nusu atanirudishia, ila kadi ilikuwa kwenye droo yangu kwa hiyo uzembe ni wangu. Mimi nasema siku ya kampeni yeye ndiye alikuwa nyumbani. Tangu jana hatusemeshani, na mbwa anatuangalia tu.

Swali langu: mbwa akiwa wa watu wawili, mwenye mbwa ni nani? Na nyinyi mnaoshirikiana mnyama mnagawanaje kazi ili jambo kama chanjo lisisahaulike?

#2 mkulima wa Kilosa (saa 3:20 usiku)

Pole kwa mtoto kwanza. Kidonda kilioshwa?

#3 Mpangaji wa Kimara (saa 3:24 usiku)

Mkuu, mama yake alikimwagia maji ya kopo akakifunga kanga. Nesi ndiye aliyekiosha vizuri.

#4 Kijiwe Nongwa (saa 3:31 usiku)

Poleni. Sisi zamani kijijini ukiumwa na mbwa unapakwa mafuta ya taa, halafu unasubiri siku saba ukimtazama mbwa. Akifa ndipo unapelekwa ukachomwe sindano 14 za kitovuni. Mwambie mama mtoto asiogope, mbwa wa nyumbani anayekula vizuri hana shida.

#5 Daktari wa Zizi (saa 3:52 usiku)

Mkuu #4, nakuheshimu, lakini hapo kuna mambo matatu yanayoweza kuua mtu.

Mafuta ya taa hapana. Kidonda cha mbwa kinaoshwa na maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 za kuhesabu kwenye saa, siyo kwa kukisia. Sabuni yoyote, hata ya mche. Virusi vyenyewe haviipendi sabuni.

Pili, mtu hasubiri mbwa afe ndipo aanze sindano. Anaanza siku ileile, na mbwa anaangaliwa huku mtoto akiendelea. Ugonjwa ukishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna daktari atakayekuahidi kitu, karibu wote hufa. Siku za kumwangalia mbwa ni 10, siyo saba.

Tatu, zile sindano za tumbo zilikuwa za chanjo ya zamani. Siku hizi mtoto anachomwa begani. Ratiba ya kawaida ni siku ya 0 (ile ya sindano ya kwanza), ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Vituo vingine vina ratiba fupi zaidi, fuateni mliyoandikiwa.

Mleta mada: umesema meno yameingia na damu imetoka. Kesho mkirudi kwa sindano ya siku ya 3 muulizeni daktari kuhusu ile dawa ya kinga inayochomwa ndani ya kidonda chenyewe. Kwa jeraha la aina hiyo inahitajika pamoja na chanjo. Isipopatikana, sindano zisikatishwe hata moja.

Na Bobi: afungwe, apewe maji na chakula, asiuawe, asitoroshwe. Asichanjwe wiki hii. Watu wengi wakishtuka wanakimbilia kumchanja mbwa jioni ileile. Subirini siku 10 ziishe ili mabadiliko yoyote yaonekane wazi bila kuchanganywa na homa ya sindano. Toeni taarifa kwa ofisa mifugo wa kata.

#6 Kijiwe Nongwa (saa 3:58 usiku)

Dokta nimekusoma, asante kwa kunisahihisha. Nilikuwa nasema tulivyolelewa.

#7 Wa Nakuru (saa 4:15 usiku)

Mpangaji, pole sana. Kwa swali lako la nani mwenye mbwa, mimi nasema ni yule anayemlisha. Hakuna mwingine.

Kwa ploti yetu landlodi alinunua jibwa kubwa, akamwachia soja, mlinzi wa geti, amtunze. Chakula cha mbwa kilitoka kwa landlodi kila mwisho wa mwezi, gunia la unga na omena. Lakini mkono uliomwaga ugali kwa sufuria ulikuwa wa soja. Soja akaenda ocha, yaani kijijini kwao, wiki mbili kumzika mamake. Huyo mbwa alikataa kula siku tatu. Landlodi mwenyewe alikuja na nyama ya ng'ombe, mbwa akamgeuzia mgongo. Soja aliporudi usiku, kabla hajafungua geti tulisikia mbwa analia kama mtoto. Sasa wewe niambie, karatasi inasema mbwa ni wa landlodi, lakini mbwa mwenyewe anasemaje?

#8 Msemakweli wa Upanga (saa 4:22 usiku)

Mbwa anasema ni wa soja. Lakini akimng'ata mtu, mbwa huyohuyo anakuwa wa landlodi, maana soja hana cha kulipa. Kwa hiyo kulisha pekee hakutoshi.

#9 Shangazi Kidawa (saa 4:40 usiku)

Wanangu, nimesoma huu uzi nikasema nisilale bila kuandika.

Mimi na mume wangu tulikuwa na mbwa jike, Popi, huku Morogoro. Kupe walikuwa wengi mwaka ule kwa sababu jirani ana ng'ombe. Tulinunua ile dawa ya kuogeshea ng'ombe, ya amitrazi, tukapimiwa na muuza dawa namna ya kuichanganya na maji. Jumamosi asubuhi mimi nikamwogesha nikamwanika juani. Mume wangu alikuwa shamba. Jumapili mimi nimekwenda kanisani misa ya kwanza, yeye kaamka kaona kupe wawili wamebaki sikioni, kachukua chupa, kamwogesha tena. Na yeye hakupima kwa kifuniko kama nilivyopima mimi, alimimina tu mpaka maji yakawa meupe.

Nilirudi saa nne. Popi kalala chini ya mwembe, namwita anainua kichwa kinarudi chini. Akisimama anayumba kama mlevi, anakwenda upande. Ufizi umepauka. Tulimwosha kwa maji mengi na sabuni ya kuoshea vyombo, tukambeba kwenye toroli hadi kwa daktari. Alitundikiwa dripu akapona, namshukuru Mungu, akaishi miaka mingine sita.

Sasa angalieni. Hapo hakukuwa na mzembe. Sote wawili tulifanya kazi. Mleta mada, nyinyi mmesahau wote. Sisi tulikumbuka wote. Ubaya ulikuwa uleule: hatukuambizana.

Kuanzia siku hiyo nilitundika daftari la mstari kwenye msumari jikoni, na kalamu imefungwa kwa uzi. Chakula, dawa, kuoga, minyoo, chanjo. Aliyefanya anaandika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mnyama ni mali inayopumua.

#10 Daktari wa Zizi (saa 4:51 usiku)

Shangazi, shikamoo. Ulichoeleza ndicho kinachotokea dawa hiyo ikizidi: usingizi, kuyumba, moyo kwenda polepole. Nawaongezea wenye paka: dawa hiyo isimguse paka. Na zile za kupuliza za jamii ya permethrini, ambazo mbwa anazivumilia, paka anatetemeka hadi kufa. Nyumba yenye mbwa na paka na watu wawili wanaopuliza dawa, chupa iandikwe kwa kalamu nene ni ya nani.

#11 binti Ngamiani (Jumanne, saa 12:40 asubuhi)

Marahaba ya shangazi imenipita. Shikamoo shangazi.

Mimi niko Tanga. Kwetu ni paka. Kuna paka dume wa rangi ya tangawizi, kwangu anaitwa Sultani. Nilijua ni wangu. Kila alfajiri namwekea vichwa vya samaki, jioni anakuja kulala kwenye kiti cha mlangoni. Akawa ananenepa, tumbo linagusa chini. Nikasema huyu ana minyoo, nikanunua dawa nikampa. Siku nne baadaye kaanza kutapika.

Nikatoka kuuliza mtaani. Mama Muuza Vitumbua nyumba ya tatu kaniambia, "Huyu Mchele wangu? Nimempa dawa ya minyoo juzi, tumbo lilikuwa kubwa." Tukiwa tunashangaa, babu fundi baiskeli akapiga kelele kutoka kibarazani: "Mnamzungumzia Kamanda?" Na yeye alikuwa anampa maziwa mchana.

Majina matatu, nyumba tatu, milo mitatu. Sultani ndiye pekee aliyekuwa anajua hesabu yote.

Tulikubaliana: mimi samaki asubuhi, babu jioni, mama hampi chakula bali yeye ndiye wa dawa, maana anajua kusoma maandishi madogo kwenye paketi. Hakuna aliyesema paka ni wake. Lakini alipogongwa na bodaboda mwaka jana tulikwenda kumzika wote watatu nyuma ya msikiti mdogo, na babu alilia waziwazi.

#12 Kijiwe Nongwa (saa 1:02 asubuhi)

Binti Ngamiani umeniliza asubuhi asubuhi. Ila uzi bila picha haujakamilika, tuwekee ya Sultani.

#13 binti Ngamiani (saa 1:10 asubuhi)

Simu yenye picha zake ilianguka baharini. Niaminini tu.

#14 Mwana wa Unguja (saa 1:35 asubuhi)

Assalaam alaykum. Hilo la paka lipo tangu kale. Paka si najisi, naye ni katika wanaotuzunguka majumbani, ndivyo ilivyopokewa. Na ile hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, watu huisoma nusu. Kosa lake si kutomlisha tu. Alimfungia, asimpe chakula wala asimwachie akajitafutie wadudu wa ardhini. Kwa hiyo mie naona jukumu linaanza pale unapomfunga kiumbe. Paka wa binti Ngamiani alikuwa huru, watatu walishirikiana kwa hisani. Bobi kafungwa mnyororo, hawezi kujitafutia wala kujipeleka chanjo. Kila aliyeshika mnyororo huo anadaiwa jukumu kamili, si nusu.

#15 Msemakweli wa Upanga (saa 1:50 asubuhi)

Sheikh, umesema neno. Lakini je, mbwa kwenye nyumba ambayo mmoja ni Mwislamu na mwenzake si Mwislamu? Hapo kazi inagawanywaje?

#16 Mwana wa Unguja (saa 2:14 asubuhi)

Sisi Shafii chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba ameruhusiwa. Mie nina shamba la mikarafuu na minazi huku, nashirikiana na jirani yangu Mmakonde mbwa wawili wa kufukuza kima. Yeye anawagusa, anawaogesha, anawashika wakichomwa sindano. Mie natoa chakula na fedha ya daktari. Vyombo vyao vina alama ya rangi nyekundu na havivuki ukuta. Miaka minane hatujakosana. Hatukugawana mbwa nusu kwa nusu. Tuligawana kazi kwa kila mmoja anachokiweza.

#17 mkulima wa Kilosa (saa 2:30 asubuhi)

Hapo ndipo pana siri. Mimi nilikuwa kwenye kikundi cha kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Ukipewa mtamba, ndama jike wa kwanza unampa mwanakikundi mwingine. Na kabla hujapewa, wanakuja kukagua banda, majani, maji. Kila kitu kinaandikwa. Nimeona ng'ombe anayehudumiwa na familia mbili na hakosi dawa hata siku moja.

Kwa nini ng'ombe anakumbukwa na mbwa anasahaulika? Kwa sababu ng'ombe anatoa maziwa. Ukikosa kumpa chakula leo, kesho kwenye ndoo unaona. Mwenzako naye anaona. Mbwa hana ndoo. Uzembe wako kwake haupimwi popote mpaka siku aking'ata mtu au akifa. Mimi sidhani tatizo la mleta mada ni tabia, wala mawasiliano kama asemavyo shangazi. Ni kwamba mbwa hatumhesabu kama mfugo.

#18 Shangazi Kidawa (saa 2:47 asubuhi)

Mwanangu wa Kilosa, Popi wangu alikuwa anahesabiwa. Alilala na kuku, hakuna kicheche aliyekanyaga pale. Na bado tulimwogesha mara mbili. Ndoo ya maziwa haikuambii kama mwenzako ameshampa dawa.

#19 mkulima wa Kilosa (saa 2:55 asubuhi)

Shangazi hapo umenibana. Shikamoo.

#20 Mtoto wa Moshi (saa 4:05 asubuhi)

Wakuu nitoe kisa ambacho hakijaisha.

Wazazi wangu waliachana nikiwa kidato cha pili. Mbwa wetu, Chui, aliwekwa kwenye makubaliano ya mdomo: wiki mbili Moshi kwa mama, wiki mbili Arusha kwa baba. Mimi ndiye nilikuwa namsindikiza kwenye gari likizo zikifika, na shule zikifunguliwa baba anamfuata na pikapu. Watu wazima walidhani wanatenda haki. Chui alikuwa anafika Arusha anatafuta mlango wa jikoni upande wa kushoto, ambako kwa baba ni ukuta. Anasimama anaukwaruza ukuta. Siku ya tatu au ya nne anatulia. Kisha anaanza kuzoea, kisha gari hilo tena.

Kwa mama alikuwa anakula dona na dagaa, kwa baba mabaki ya hotelini yenye chumvi na vitunguu. Akarudi akiwa anaharisha kila mara. Mama akasema baba anamwua, baba akasema mama anamdekeza. Walipigana vita yao yote kwenye tumbo la mbwa.

Mwishowe mimi, kijana wa miaka 16, nikasema abaki Moshi, na baba atoe hela ya chanjo na chakula. Baba alikasirika, ila alitoa hela mpaka Chui alipozeeka akafa. Hadi leo sijui kama nilimnyang'anya baba mbwa wake au nilimwokoa Chui.

#21 Daktari wa Zizi (saa 4:30 asubuhi)

Kijana, vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa, vibichi na vilivyopikwa. Ulimwokoa.

#22 Mbeba Mabegi, Valencia (saa 6:10 mchana)

Nawasalimu kutoka Hispania. Kisa cha Mtoto wa Moshi kimenigusa kwa sababu huku jambo hilo lina sheria. Tangu 2020 hakimu anaweza kuamua mbwa akae na nani wanandoa wakiachana, au akae kwa zamu, na nani alipe nini.

#23 Msemakweli wa Upanga (saa 6:25 mchana)

Mkuu, kama unaisema ile Sheria Na. 17 ya 2021, ilipitishwa Desemba mwaka huo na ilianza kutumika Januari 2022.

#24 Mbeba Mabegi, Valencia (saa 6:38 mchana)

Ndiyo hiyo, asante kwa masahihisho. Sheria hiyo inasema mnyama si kitu bali ni kiumbe mwenye hisia. Hakimu anaangalia maslahi ya familia na ya mnyama mwenyewe, bila kujali jina la mmiliki ni la nani. Ujerumani nao waliandika tangu 1990 kwamba wanyama si vitu, na California tangu tarehe 1 Januari 2019 jaji anaruhusiwa kuangalia nani anamtunza mnyama kabla ya kuamua.

Kwangu mimi na mwenzangu tuna mbwa mmoja. Kichipu chake cha utambulisho chenye tarakimu 15 kimesajiliwa kwa jina langu. Lakini anayeamka saa kumi na moja alfajiri wakati wa baridi kumtoa nje ni yeye. Tungeachana leo, mimi mwenyewe ningesimama mbele ya hakimu niseme mpe yeye.

#25 Wa Nakuru (saa 6:50 mchana)

Si ndio niliwaambia? Mkono unaolisha na mguu unaotembea. Karatasi baadaye.

#26 Msemakweli wa Upanga (saa 7:05 mchana)

Kwetu Tanzania kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008, watu wengi hawajui kama ipo. Ila hapa Kimara hakuna talaka wala hakimu. Kuna mtoto mwenye meno mawili ya mbwa mguuni na mama aliyedanganywa bila kukusudia. Naomba tusimsahau.

#27 Mpangaji wa Kimara (saa 2:20 usiku)

Wakuu nimesoma yote, asanteni. Leo mtoto amepata ya siku ya 3, na ile ya kwenye kidonda niliuliza, tulielekezwa pengine tukaipata. Dokta, Mungu akubariki, nisingejua.

Nimemwonyesha jamaa huu uzi. Alisoma kimya, akarudi kusoma cha shangazi mara ya pili. Akasema, "Sisi tulikuwa tunamtumia mwenzetu kama kisingizio." Sijui kama ndivyo. Mimi nilikuwa namwamini kabisa. Labda kumwamini mtu bila kumuuliza ndiyo hivyohivyo.

#28 Kijiwe Nongwa (saa 2:41 usiku)

Labda suluhisho ni mbwa mmoja mtu mmoja. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Mmoja anunue nusu ya mwenzake, yaishe.

#29 binti Ngamiani (saa 2:50 usiku)

Halafu huyo mmoja akilazwa hospitali? Mimi nililazwa siku 11 kwa uzazi. Sultani hakulala njaa hata siku moja, na sikumpigia mtu simu. Mtu mmoja angekuwa na paka aliyekufa na kichanga mkononi.

#30 Mwana wa Unguja (saa 3:15 usiku)

Nakubaliana na binti. Lakini katika kushirikiana lazima awepo mkubwa wa jambo. Nahodha wengi chombo huenda mrama. Wa chanjo awe mmoja, mwingine awe wa kumuuliza: "umempeleka?"

#31 Shangazi Kidawa (saa 3:22 usiku)

Na akiulizwa asinune.

#32 Kijiwe Nongwa (saa 3:30 usiku)

Shangazi, kwani mzee alinuna?

#33 Shangazi Kidawa (saa 3:41 usiku)

Mwanzoni alinuna mwezi mzima, akiandika "NIMEMPA" kwa herufi kubwa. Baadaye akazoea. Alipofariki nilikuta ameandika mpaka siku moja kabla hajalazwa. Daftari ninalo.

#34 Daktari wa Zizi (saa 3:55 usiku)

Pole sana shangazi.

Wakuu, kabla uzi haujaenda mbali, tarehe za kuwapa wote wawili wakumbuke: mtoto wa mbwa anapata chanjo ya kichaa akifika miezi mitatu, anarudia baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya kadi. Na kila mwaka tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ndiyo tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Maeneo mengi hutoa chanjo bure siku hizo. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Bobi mmoja aliyesahaulika Kimara yumo kwenye hesabu hiyo.

#35 Mtoto wa Moshi (Jumanne iliyofuata, saa 1:00 usiku)

Mpangaji, leo ni siku ya kumi kama nimehesabu sawa. Bobi yukoje?

#36 Mpangaji wa Kimara (Jumatano, saa 2:33 usiku)

Wakuu, Bobi mzima. Anakula, anabweka, macho yake yaleyale. Jana ofisa mifugo wa kata alikuja kumwangalia, na leo asubuhi tumempeleka kuchanjwa, mimi na jamaa wote, yeye kaomba ruhusa zamu.

Daktari akatoa kadi mpya. Akauliza, "Jina la mwenye mbwa?" Kwenye kadi kuna mstari mmoja tu, na mfupi. Tukaangaliana. Mimi nikasema andika lake, yeye kasema andika langu, kwa wakati mmoja. Daktari kaweka kalamu mezani akasubiri. Nyuma yetu kuna mama ana mbuzi, mbuzi analia.

#37 Wa Nakuru (saa 2:36 usiku)

Aliandika nani?

#38 Msemakweli wa Upanga (saa 2:37 usiku)

Ndiyo tunalolingoja.

#39 Mpangaji wa Kimara (saa 2:49 usiku)

Jina limeandikwa la jamaa, maana yeye ndiye atakuwa wa chanjo kama alivyosema sheikh. Namba ya simu ni yangu, ili nikipigiwa nimuulize. Kadi tumeitundika ukutani uani na msumari, juu kidogo Bobi asiifikie, na daftari chini yake. Gharama za mtoto tumegawana, ingawa bado hatujakubaliana kosa lilikuwa la nani. Jamaa anasema la kwangu.

Mama mtoto nilimwomba radhi kwa kumwambia mbwa amechanjwa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema geti lifungwe kwa komeo, siyo kwa kamba. Nimeshamwita fundi.

Jumamosi ni sindano ya siku ya 14. Tunakwenda wote, mimi, jamaa, mtoto na mama yake.